Bibi Ambaye Hayupo

Kila siku baada ya shule, Laurette alifagia nywele katika saluni ya mama yake, Constance, pale Berea, mtaa wa Durban, kisha akajikunyata kwenye kona kufanya kazi ya shule. Wiki moja ya mwaka 2012 kazi ilikuwa moja tu: kumhoji mzee mmoja kuhusu maneno ya Kiingereza yaliyotumika Durban zamani. Laurette, kwa uvivu wake, akajitungia bibi. Akampa jina, akampa miaka themanini, akambandikia maneno kumi ya uongo. Dakika ishirini tu, kazi imekwisha!

Loo! Mwalimu Govender aliipenda kupita kiasi. "Ijumaa wazazi watakuja. Mlete huyu bibi, nawe umtambulishe."

Laurette akajiuliza: Bibi atatoka wapi?

Jioni alifagia mahali pamoja mara tatu. "We mtoto, iko nini?" mama yake akauliza. Laurette akaangua kilio, akasema yote.

Gogo Ntombela, mteja mzee aliyekuwa akisukwa (gogo ni bibi kwa Kizulu), hakujua Kiswahili, akataka kujua kinachomliza mtoto. Constance akamweleza kwa Kiingereza.

"Eish! Mnatafuta bibi, na mimi nimekaa hapa tangu saa nane?"

Akaanza kusimulia. Enzi za ujana wake, sinema waliiita bioscope, na duka la mtaani waliliita tearoom, hata kama halikuuza chai. "Wajukuu zangu wananicheka. Nao wana maneno yao, na watoto wao watawacheka vilevile."

Laurette aliandika mpaka mkono ukamuuma. Yale aliyoyabuni hayakufua dafu.

"Utakuja Ijumaa, Gogo?"

"Nitakuja. Lakini kwanza mwambie mwalimu ukweli. Mimi siji kuwa bibi wa uongo."

Asubuhi iliyofuata shuleni, Laurette alikiri, akatoa na kazi mpya. Mwalimu Govender akaipa kazi ya kwanza sifuri, kisha akaisoma ya pili polepole.

"Lugha inabadilishwa na watu, Laurette," alisema. "Kiingereza cha Gogo si cha wajukuu zake. Ukitunga uongo, unamnyamazisha anayejua. Usione uvivu kuuliza, na ukikosea, sema mapema kama ulivyofanya leo."

Ijumaa Laurette alisimama mbele ya darasa, amemshika Gogo mkono.

"Huyu ni Gogo Ntombela," alisema. "Yeye yupo kweli."