Mashine Iliyolazwa Sebuleni

Sogeeni karibu, wenye nyumba na wenye watoto, maana kisa hiki kimetokea mlango wa pili na kwangu, na mkono wangu umo.

Nyumba ya Kapteni ilikuwa ya kuonewa wivu. Jioni ungesikia redio ikiimba taratibu, mkewe akicheka jikoni, na binti yao wa pekee akisoma barazani. Kapteni alikuwa akivusha abiria kwa boti kwenda mji wa ng'ambo, na mwaka ule alikuwa amenunua mashine mpya ya boti, nyeusi, inang'aa hadi unajiona sura. Wote tulimpa hongera.

Kila mwaka kuna miezi mitatu bahari huchafuka, na boti hupandishwa nchi kavu. Wenzake walizitumbukiza mashine zao kwenye mapipa ya maji ya bomba, wakaziwasha ili zitoe chumvi. Wakamwaga petroli iliyobaki, wakabadilisha oili ya gia, kisha wakazisimamisha wima stoo. Kapteni yeye aliifuta yake kwa nje, akaibeba hadi sebuleni, akailaza chali juu ya meza mbele ya makochi na kuifunika kitambaa cha kudarizi. Mgeni hakupewa hata maji ya kunywa kabla ya kuonyeshwa mashine.

Binti yake hakupendezwa. Babu yake mzaa mama, marehemu sasa, alikuwa fundi wa mashine za boti, na alimfundisha kazi tangu akiwa mdogo.

"Baba, ile mashine ina chumvi ndani," alisema siku moja tukiwa tumekaa pale wageni wanne. "Niruhusu niioshe. Nimwage petroli ya kwenye kabureta, nitazame na mpira wa pampu ya maji. Na tafadhali isilazwe hivyo, maji ya chumvi yaliyobaki yataingia kwenye injini."

"Wewe mtoto wa kike na oili wapi na wapi?" Kapteni alimjibu huku akitutazama sisi. "Mashine mpya hii! Bibi harusi anapelekwa hospitali siku ya harusi?"

Tulicheka. Mimi nilicheka hadi nikapaliwa na chai. Binti aliokota vikombe akaingia ndani, na hakulitaja tena jambo hilo. Naona haya kuliandika, lakini nisipoliandika nitakuwa mwongo.

Sasa jueni kilichokuwa kinamngoja. Ng'ambo kuna chuo cha ufundi, na mtihani wa kuingia hufanywa mara moja kwa mwaka. Hakipokei mtu aliyevuka miaka ishirini, naye mwaka uliofuata angekuwa amevuka. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya kwanza na ya mwisho.

Bahari ilitulia wiki ileile ya mtihani. Siku moja kabla, mama yake alimsihi Kapteni. "Baba watoto, mwache apande kivuko leo akalale kwa shangazi yake. Kesho aamke akiwa hukohuko."

"Mtoto wa Kapteni apande kivuko? Watu watasema nini? Nitampeleka mwenyewe."

Akaifunga mashine kwenye boti jioni ile bila kuijaribu. Asubuhi na mapema tuliondoka abiria sita, nami nikiwemo, na binti akiwa na kalamu zake mfukoni. Mashine iligoma mara kadhaa, ikakohoa moshi, kisha ikakubali. Kapteni akatuangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Mashine iliyo nzima hutema maji nyuma, na maji hayo ndiyo yanayoipoza. Binti aliinama akatazama.

"Baba, maji hayatoki. Zima!"

"Yatatoka. Kaa chini."

"Itaungua, baba. Zima tuifungue."

"Nimesema kaa chini! Nani nahodha hapa?"

Hata nusu ya safari hatukufika. Harufu ya kuungua ilitanda, mashine ikapiga kelele ya chuma kwa chuma, ikanyamaza. Binti alijaribu kuvuta kamba ya kuwashia, haikusogea hata kidogo. Hakumlaumu baba yake. Alikaa akaangalia saa yake mpaka saa tatu, saa ya mtihani, ikapita, na machozi yakamdondoka bila sauti. Tulipokezana makasia mawili tuliyokuwa nayo, lakini mkondo ulitushinda. Karibu na saa sita boti ya wavuvi ikatuvuta hadi ng'ambo.

Alikimbia hadi chuoni, mimi na Kapteni tukimfuata nyuma. Mlinzi alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Pole, binti yangu. Karatasi zimeshakusanywa. Jaribu mwakani."

Kapteni angenyamaza tu, pengine nyumba ile ingepona. Lakini aliporudi aliwaambia watu kwamba kiwandani walimuuzia mashine mbovu. Binti alimsikia akiwa mlangoni.

"Baba, hata leo huwezi kusema ukweli?"

Kapteni akainamisha kichwa. Kesho yake binti alihamia kwa shangazi yake, na sasa anauza nyuzi na vifungo dukani. Boti mbovu ikipita huujua ugonjwa wake kwa mlio, lakini hatoki kutazama. Mama yake huenda kumwona kwa kivuko. Baba yake hajaenda, na sidhani kama angefunguliwa mlango.

FUNZO

Chombo kinachokulisha kikipumzika, ndio wakati wa kukihudumia. Kung'arisha nje si kutunza. Na mwenye mtoto anayejua asichokijua yeye amsikilize, hata akiwa wa kike, hata ikiwa mbele za watu. Sisi majirani nasi tujifunze kufunga midomo, maana mzazi mwenye majivuno hupotea zaidi akipata wa kumchekea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila ukuta hujengwa upya. Ujana wa mtoto haujengwi.