Macho ya Ndege wa Farrow

“Dada, usiingie kwanza.”

Arzina alishtuka. Hakuwahi kumsikia Polycarp, mlinzi wa ukumbi wa maonyesho ya michoro, akisema Kiswahili.

“Kumbe unakijua?”

“Mimi mtu wa Moshi, dada. Mchumba wako na mama yake hawajui hilo. Wamesimama hapa mbele yangu wakasema yote.”

Toronto hii Kikachi, lugha yao ya Kihindi, utakisikia kila kona, kwa hiyo siri zao Zameer na mama yake, Bi. Zarina, huzisema Kiswahili. Mtu aliyevaa sare hawakumtazama hata usoni.

“Wamesema nini?”

“Mama kauliza, ‘Huyu Arzina utamwacha lini?’ Kijana akajibu, ‘Akishanisomea daftari la mwisho. Mwandiko ule nani mwingine ataujua? Tazmin ameshakubali, ndoa mwezi wa sita.’”

“Na mama?”

“Amecheka, dada. Amesema, ‘Basi endelea kumchekea.’”

Jamani! Miaka mitatu Arzina anatoka kazini Mississauga, anapanda treni, anainamia madaftari ya Ambrose Farrow, mchoraji wa ndege aliyekufa zamani hizo, ili mpenzi wake apate kuandika kitabu. La mwisho alilimaliza asubuhi ile, na kwa aliyoyakuta humo alikuja mbio kumwokoa Zameer asijiaibishe jukwaani kwenye hotuba yake ya leo.

Simu ikalia. Ujumbe wa Zameer: “Uko wapi, roho yangu? Umemaliza daftari?”

Akajibu: “Bado kidogo.” Karatasi akazirudisha mkobani.

Zameer alipanda jukwaani amependeza kweli. Akawasimulia wageni jinsi Farrow, mtoto wa fundi viatu, alivyokuja Kanada akiwa na miaka kumi na tisa, akachora kwa miaka arobaini.

“Wenzake waliua ndege ndipo wachore. Yeye alilala matopeni akiwasubiri. Hakuua hata mmoja, ndiyo maana macho yao yanaishi. Madaftari yake yote nimeyasoma mwenyewe.”

Makofi! Mchapishaji wake, mstari wa mbele, alitabasamu. Arzina akanyoosha mkono.

“Hata la mwisho?”

“Bila shaka.”

“Basi tusomee hapa.” Akampelekea nakala ya ukurasa.

Zameer aliutazama mwandiko ule, akaugeuza, jasho likamtoka.

“Miwani... nimesahau miwani.”

“Hujawahi kuvaa miwani. Lete nikusomee, kama kawaida.”

Akasoma: “‘Leo nimeua korongo jike. Nimemfunga waya shingoni asimame vizuri. Nimeanza na macho, maana ndiyo yanayofifia kwanza. Huyu ni wa mia nne na sita. Watu na waendelee kuamini nawapenda.’”

Mchapishaji akachukua koti lake, akatoka bila kuaga.

Bi. Zarina akamrukia kwa Kiswahili. “Arzina! Ndivyo unavyompenda mwanangu?”

“Hapana, mama. Nilikuwa namchekea tu.”

Mama mtu akageuka taratibu, akakutana na macho ya Polycarp. Polycarp akamwamkia, “Shikamoo, mama.”

Kwenye treni Arzina alilia mpaka Mississauga. Alikuwa bado anampenda, mjinga yule, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Simu ikalia, ujumbe wa Zameer: “Umeniua, Arzina.”

Akafuta machozi, akaandika: “Mwambie Tazmin aje akuchore upesi. Aanze na macho.”

Kisha akaifuta namba yake.