Gauni la Kijino

Mnaocheka, chekeni. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Mimi napiga pasi, dada yangu fundi anakanyaga cherehani huku akinisema kwamba kola nazipika badala ya kuzinyoosha. Mara akaingia mwuza mbao na binti yake. Mtoto kavaa sare ya shule, soksi moja imemshuka.

"Fundi, nataka gauni la harusi."

"Mama watoto unamuoa upya?" dada akamtania.

"La huyu hapa."

Utani ukaishia hapo.

Dada akachukua futi, akampima. Baba mtu alipotoka nje kuzungumza na wenzake, binti akanishika kanga. "Shangazi, mwambie fundi asimalize. Mimi nataka kurudi darasani."

Nilimwambia. Dada akashusha pumzi. "Tukikataa sisi, si atampeleka kwa fundi mwingine?" Akafungua sanduku, akatoa karatasi ya kukatia iliyokunjwa miaka mingi. Nikaijua.

Ilikuwa ya Kijino, kitinda mimba wetu. Tulimwita hivyo kwa sababu alijifunza kushona kwenye cherehani ile ile, na uzi hakuukata kwa mkasi hata umfokee vipi. Aliukata kwa meno. Baba alimwoza akiwa na umri wa binti huyu. Dada ndiye aliyemshonea gauni, akaacha upindo mpana kwa ndani, maana bibi harusi alikuwa bado anakua. Kijino alifia uzazini. Upindo haukuteremshwa, tukamzika.

"Vipimo vimelingana," dada alisema bila kunitazama. "Karatasi nzima ya nini kuitupa?"

Akakata. Akashona. Akaacha upindo, kama ule.

Mchana tulipotoka kula na kurudi, upindo ulikuwa umefumuliwa wote.

"Wewe huna kazi?" dada akanifokea.

Nikaapa kwamba sijaugusa. Akaushona tena. Tukaenda uani kuanua nguo, mlango tunauona. Hakuingia mtu. Tuliporudi, gauni lilikuwa limezibwa shingo. Mikono nayo imezibwa. Mishono midogo, imepinda, ya mtu anayejifunza. Dada akagusa ncha ya uzi.

Ilikuwa mbichi kwa mate.

"Kijino," nikanong'ona.

"Nyamaza."

Alifumua. Alifumua huku analia. Lakini alimaliza, kwa kuwa jioni mwuza mbao alikuwa amekwisha kurudi na binti yake.

Tukamvisha nyuma ya pazia. Kichwa kikapita. Mkono mmoja ukapita. Wa pili ukakwama. Mtoto akatulia, macho yamemtoka.

"Shangazi," akanong'ona. "Humu ndani kuna mtu."

"Upuuzi!" Baba mtu akavuta pazia. Akaingiza mkono wake kwenye mkono wa gauni kutoka chini, autanue.



Akavuta. Hautoki. Jasho likamtoka. Midomo yake ikawa ya kijivu.

"Mwambieni aniachie," akasema polepole.

Hatukumuuliza nani. Dada akapiga magoti mbele ya lile gauni. "Mdogo wangu, sitarudia. Nisamehe. Huyu anarudi shule."

"Anarudi," mwuza mbao akasema. "Anarudi, wallahi anarudi!"

Mkono ukatoka. Kwenye kiganja chake palikuwa na alama ndogo za meno. Binti alivaa sare yake, akaondoka mbele ya baba yake. Harusi haikuwepo. Alisoma, na leo ana wajukuu.

Dada hakumshonea mtoto tena gauni la namna ile. Lile alilitundika msumarini nyuma ya mlango, na alipofariki likabaki na mimi. Sijaligusa. Lakini upindo wake umekuwa ukishuka wenyewe, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, kama unavyomteremshia mtoto anayerefuka. Kiwiko kina mkunjo wa nguo iliyovaliwa.

Mwaka huu upindo uliisha. Nikadhani basi, ametosheka.

Jana nilipofagia nyuma ya mlango nikakuta gauni limeongezwa kipande chini. Kitambaa cha bluu, maua meupe. Nikasema, maua haya nimeyaona wapi?

Nikainama kutazama gauni nililovaa. Upindo wangu haupo. Umeng'atwa pande zote, na nyuzi zake bado mbichi.