Mipaka ya Utii

Mvua ilipokatika, watu waliokuwa wamejibanza ndani ya soko la Kimironko walimwagika barabarani kwa pamoja. Mukunde alikuwa miongoni mwao, gauni la kitenge cha bluu limemkaa vizuri kiunoni, mfuko wa maparachichi mkononi. Pikipiki ikapita kwenye dimbwi, tope likamrukia hadi kifuani.

"We mshenzi! Huna macho?" alifoka kwa Kiswahili cha Mwanza alikokulia.

"Mbabarira, madamu!" mwenye pikipiki aliomba radhi huku akitokomea.

Kando yake, mwanamume mrefu mwenye miwani na koti la kijivu alishindwa kuzuia kicheko.

"Unacheka nini, kaka?"

"Nisamehe, dada. Tangu niondoke Tabora sijasikia mtu akitukana vizuri hivyo." Akamtolea kitambaa chake. "Naitwa Norman. Nafundisha falsafa ya siasa chuoni."

"Ndiyo kitu gani hicho?"

"Kuuliza kwa nini watu hutii wanapoamrishwa."

"Na mtu anakulipa kwa kuuliza?" Mukunde alijifuta, akatabasamu. "Mimi ni Mukunde. Nina duka la dawa Kagarama."

"Mukunde! Kwa lugha ya hapa hilo si jina, ni amri. Pendeni!"

"Basi Profesa, utatii?"

"Hiyo nitaitii."

Akatii kweli. Kila jioni simu ya Mukunde ililia akifunga duka. "Daktari wangu wa roho, umekula?" "Sijala, nakungoja wewe unayejua kusema tu." Jumapili walikwenda Gahanga, ambako Norman alikuwa anajenga nyumba, wakakaa juu ya matofali wakila mahindi ya kuchoma. Hapo Mukunde alimweleza habari za baba yake. Alikuwa mwalimu kule Mwanza, wakiwa uhamishoni, akafukuzwa kazi kwa maneno aliyoyasema darasani. Baada ya hapo wageni waliacha kuja kwao.

"Mama alikuwa akipika chakula kingi, akidhani labda leo atakuja mtu," alisema. Norman alimshika mkono.

Naye alikuwa na jambo alilolificha. Mwaka huo alikuwa amepandishwa kuwa profesa kamili, na desturi ya chuo ilimtaka atoe mhadhara mbele ya watu wote. Alikuwa amechagua mada: Mipaka ya Utii. Tangu atangaze, mambo yalianza kugeuka. Darasa lake lilihamishiwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Walimu wenzake waliokuwa wakimwita mezani kwao sasa walimaliza chai haraka alipoingia. Kisha Dokta Ndayisaba, mkuu wa kitivo, akamwita.

"Profesa, mada hii iko na shida," alisema kwa upole. "Chagua ingine. Historia ya falsafa, kwa mfano. Nzuri, haina kelele."

"Nimeifundisha miaka yote hii, Dokta."

"Darasani, ndiyo. Sasa watakuja watu wakubwa kusikiliza." Alinyoosha tai yake. "Mkataba wako unaisha lini vile?"

Norman hakumwambia Mukunde hata neno. Alidhani anamkinga.

Lakini Ndayisaba aliishi Kagarama, na dawa zake za presha alizinunua kwa Mukunde. Siku moja aliegemea kaunta.

"Madamu, mchumba wako anacheza na moto kwa huo mhadhara wake wa utii. Mshauri. Mimi namtakia mema, lakini kuna wengine hawaniulizi mimi."

Mukunde aliacha kuhesabu vidonge. "Hatausoma mhadhara huo," alijibu. "Nakuahidi."

Kesho yake Norman alipiga simu. Sauti yake haikuwa ile ya jioni zote.

"Umemwahidi Ndayisaba nini?"

"Norman, mpenzi, nisikilize..."

"Ameniambia mbele ya watu, anacheka: mama mwenye nyumba ameshakubali! Umeniuza, Mukunde."

"Nimekuuza? Wewe uliyenificha! Nimesikia habari zako kutoka kwa mteja!"

"Nilitaka usiogope."

"Nimezaliwa ndani ya hofu hiyo, Norman. Unadhani siijui?" Akakata simu.

Simu zikakoma. Mukunde alifunga duka jioni akitazama barabara. Norman alikwenda Gahanga peke yake, akakuta mafundi wameacha kazi bila kuaga. Alipowapigia, hakuna aliyepokea.

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa. Norman alivaa joho jekundu, akazungumza kwa utulivu. Alisema utii ni mzuri mradi anayetii anaweza kuuliza, na kwamba mtu aliyenyang'anywa swali amenyang'anywa zaidi ya sauti. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Watu wawili wa safu ya mbele, wasiojulikana pale chuoni, walimtazama bila kupepesa.

"Kuna swali?" aliuliza.

Wanafunzi waliinamia viatu vyao. Ndayisaba alianza kuinuka ili afunge kikao.

"Ninalo."

Mukunde alikuwa amesimama karibu na mlango, katika gauni jeupe la kazini. Ukumbi mzima uligeuka. "Profesa, mtu anayekataa kutii ana wajibu gani kwa wale wanaompenda?"

Norman alivua miwani. "Kuwaambia ukweli mapema," alisema, "ili nao wachague. Mimi sikufanya hivyo. Nilikosea."

Nje, chini ya ngazi, ndipo walipokutana.

"Nilidhani hutakuja."

"Na mimi nilidhani hivyo. Bado naogopa, usijidanganye."

"Watanifukuza, Mukunde."

"Najua. Nioe kabla hawajakufukuza, nisije nikaonekana nakuonea huruma."

Mkataba haukuongezwa. Walifunga ndoa ofisi ya serikali ya Kagarama, kisha wakaenda Gahanga kwenye nyumba isiyo na milango, ambako Mukunde alikuwa amekodi turubai na viti vya wageni wote waliosema watakuja. Walikuja shangazi yake, jirani, na mwanafunzi mmoja wa kike aitwaye Winifred. Viti vingine vilibaki vimepangwa vizuri. Barabarani gari lenye vioo vyeusi lilipunguza mwendo, likasimama, likaondoka.

Mpishi alifunua sufuria, akasita. "Madamu, tungoje kidogo?"

Norman alimtazama mke wake. Uso wake ulikuwa umekakamaa, macho yake kwenye viti vitupu.

"Hapana," alisema Mukunde, akachukua upawa mwenyewe. "Waliokuja wana njaa."