Mashine Saba Zilizokataa Kuamka

Saa nne asubuhi, siku ya soko, Busia ya Uganda ilikuwa imeshonana kama dagaa kwenye gunia. Malori yalipanga mstari mpaka nje ya lango la forodha, madereva wamevua mashati, akina mama wakipenya kati ya magurudumu na mabeseni ya ndizi kichwani. Katikati ya vumbi hilo mwanamke mmoja mwenye sketi ya kitenge cha buluu na kizibao cha kazi kinachong'aa alikuwa akikipiga pajani kimashine cha mkononi, pa, pa, kama anayemtandika mtoto mkaidi.

"Usikipige, dada," ilisema sauti nyuma yake. "Hakijafa hicho. Kimelala kikashindwa kuamka."

Aligeuka akaona mwanamume mrefu wa miaka kama arobaini, mwenye shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, maana kola ilikuwa imeelekea kulia peke yake.

"Wewe ndiye daktari wake?"

"Mimi fundi. Opendi, wa Tororo. Nimekuja kuchukua vioo vya simu."

"Mimi Justine, na nyuma yangu kuna malori thelathini yanangoja kimashine hiki kiwasomee sili, zile lakiri za forodha milangoni. Kiamshe tukuone."

Opendi alibana vitufe viwili, akahesabu kimoyomoyo, akamrudishia kikiwaka. Justine alikitazama, kisha akamtazama yeye.

"Utafanya hivyo kila baada ya dakika kumi?"

"Ukitaka nisimame karibu yako siku nzima, sema tu."

"Mimi nimetaja dakika, sijataja karibu." Lakini alikuwa anacheka, na namba ya simu hakungoja kuombwa mara mbili.

Opendi alikuwa mgane wa mwaka wa nne. Mke wake alifia njiani, gari la wagonjwa likiwa limelala kavu uani kwa sababu mafuta yake yalikwenda na mkubwa fulani harusini. Tangu siku ile alikuwa na jibu moja kwa kila baya. Barabara ikibomoka, wakubwa. Umeme ukikatika, wakubwa. Mvua ikichelewa alisita kidogo, kisha wakubwa. Na tuseme ukweli, mara nyingi hakukosea.

Shule aliiacha kidato cha pili, ila mikono yake ilijipeleka shule yenyewe. Alianza na simu, akashuka mpaka kwenye kerneli, ile programu ya chini kabisa inayoamka kwanza ndani ya mashine na kuamsha vingine vyote. Alijifunza kwenye laptopu yenye ufa, kwa kusoma barua za watu wa nchi za mbali wanaoandikiana kuhusu chipu kama wengine wanavyoandikiana kuhusu ng'ombe. Kazi hiyo aliiweza, na alijua kwamba anaiweza.

Kesho yake mchana simu ililia.

"Fundi, umekula?"

"Bado."

"Mwanamume mzima saa nane hajala. Sikia. Kiwanda cha mashine hizi kimesema familia hii ya chipu kimeiacha, hakiitengenezei kerneli tena. Wakubwa wetu wa kampuni wanataka mashine mpya, na mpya zinakuja na watu wao. Sisi wasomaji wa sili tunarudi kupalilia mihogo. Mimi nimemwambia Emoit, msimamizi wa yadi, kwamba niko na fundi. Nimeweka jina langu hapo, Opendi."

"Wakubwa hao wangeuza hata lango kama lingeng'oka."

"Wacha lango. Ugonjwa wenyewe ni nini?"

"Chipu ikilala inazima saa yake kubwa, ile inayoipigia mapigo ya kazi, inabaki na ndogo. Ikiamka, kerneli inatakiwa iiwashe ile kubwa kwanza. Hii yenu inasahau. Inaamka, inatafuta saa, inakosa, inaganda."

"Kama mwanamume aliyezoea kuamshwa na mke."

Upande wa Tororo bisibisi ilianguka mezani.

"Pole," Justine alisema. "Sikujua kama..."

"Hapana. Umesema kweli kabisa."

Wiki mbili walipigiana simu mpaka betri zikachoka. Jumapili Justine alishuka Tororo, gauni la rangi ya papai, nywele zimesukwa upya, manukato yakimtangulia mlangoni. Opendi alikuwa amefagia duka mara tatu. Walikula ugali wa wimbi na samaki, kisha akamwekea mezani kimashine chake, alichotumiwa kwa teksi wiki ile na kukiwekea kerneli mpya. Kililala. Wakangoja dakika kumi, magoti yao yakigusana chini ya meza bila yeyote kuomba radhi. Justine akabonyeza, kioo kikawaka papo hapo.

"Fundi wangu," alisema taratibu, na lile "wangu" likamwingia Opendi kama chai ya tangawizi. "Na zile nyingine kumi na saba za yadi?"

"Nyuma zote zimeandikwa namba ile ile. Ni familia moja. Dawa ni moja."

"Mimi na dada yangu pia ni familia moja. Yeye akinywa maziwa anavimba, mimi namaliza jagi. Si ufungue japo mbili uone?"

"Justine, hii kazi naijua."

Akampa dawa yake kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Jioni ile ile Justine akaiingiza katika mashine zote.

Jumatatu asubuhi kumi na moja ziliwaka vizuri kuliko zamani. Saba hazikuwaka kabisa. Hata vile vitufe viwili havikusaidia.

"Opendi, saba zimekufa."

"Haiwezekani."

"Ziko mkononi mwangu. Emoit anapiga kelele mbele ya madereva, anauliza niliokota wapi fundi."

"Ni yeye. Amezichezea usiku, anataka zile mpya. Nawajua watu hawa."

"Usiku funguo za stoo nilikaa nazo mimi."

"Basi umemwachia akazigusa. Umesimama upande wake, Justine."

Sauti ya Justine ikawa ndogo na baridi. "Nimesimama juani, Opendi. Nyuma yangu malori arobaini, mbele yangu mtu ananiita mjinga. Kwenye huo upande sijakuona." Akakata.

Opendi alipiga, hakupokelewa. Alipiga tena Jumanne. Alimlaani Emoit, akailaani kampuni, akailaani wizara. Duka likamsikiliza tu. Jumatano dereva wa teksi alimletea bahasha kutoka Busia. Ndani mlikuwa na kimashine kimoja kilichokufa na kipande cha karatasi: "Ijumaa saa sita wanaamua kama wananunua mpya. Fungua uone."

Alifungua. Alishikiza nyaya tatu nyembamba kwenye bodi na kuziunganisha na laptopu, maana mashine hata kioo chake kisipowaka huwa inanong'ona maneno yake ya kwanza kwa anayejua pa kuweka sikio. Ilinong'ona mistari kumi na minne, ikafika kwenye saa kubwa, ikakata. Opendi alichukua lenzi akainamia chipu. Namba ilikuwa ile ile, lakini mwisho wake palikuwa na herufi moja ya ziada. Kizazi cha pili. Kiwanda kilibadilisha chipu ndani ya ganda lile lile, na swichi ya saa kubwa kikaihamishia mahali pengine. Kerneli yake ilikuwa ikigonga mlango usiokuwapo.

Alitafuta mkubwa wa kumbebesha lawama. Kiwanda kingetosha, kwa kuwa kweli kilibadilisha bila kusema. Lakini kuna mtu alimwambia afungue japo mbili, naye akajibu kwamba kazi anaijua. Mtu huyo hakuwa mkubwa yeyote. Alikaa na lenzi mkononi, masikio yakimwaka.

Akarekebisha. Sasa kerneli, kabla ya kugusa saa yoyote, ingeiuliza chipu ni ya kizazi gani, ndipo iende kwenye swichi inayofaa.

Ijumaa saa tatu alishuka kwenye bodaboda mbele ya yadi. Emoit alisimama mlangoni, tumbo mbele, viatu ving'aavyo vikikwepa vumbi. Justine alikuwa pembeni na kizibao chake, hakumwamkia.

"Fundi wa kuua mashine," Emoit alisema, na madereva wawili wakacheka. "Umekuja kumalizia?"

Opendi alikuwa na maneno ishirini ya mtu huyu, ameyanoa miaka minne. Akayameza.

"Kosa ni langu, bwana. Nilijaribu moja nikadhani nimejaribu zote. Huyu dada aliniambia nifungue nyingine, nikakataa. Yeye hana kosa. Nipe mpaka saa sita."

Emoit alimkagua kuanzia viatu mpaka kola, kwa kuwa watu wa aina yake hawajazoea kusikia neno hilo. "Saa sita," alisema, akaingia ofisini.

Opendi alitandaza vifaa vyake nyuma ya pikapu, chini ya jua. Alifungua zote kumi na nane, hata zile nzima. Justine alikuja bila kuitwa, akamshikia tochi ya simu juu ya chipu, akimsomea kila chipu kama ina ile herufi ya ziada. Zote ziliwekewa kerneli mpya, zikapangwa mstari na kulazwa.

"Dakika kumi," alisema Opendi.

"Najua dakika." Kisha akasema, "Wakubwa wana makosa yao mengi. Hata huyu wa ndani."

"Mengi sana."

"Lakini mimi siwezi kuolewa na mtu ambaye kila nikimwambia kitu anamwona mkubwa nyuma yangu."

Opendi alimtazama. "Nani ametaja kuolewa?"

"Kola yako bado imepinda. Bonyeza, dakika zimekwisha."

Walibonyeza pamoja, yeye kulia, Justine kushoto, mpaka wakakutana katikati. Kumi na nane zote ziliwaka. Emoit alitoka, akazihesabu kwa kidole mara mbili, akasema zile mpya zitangoja, akarudi ndani bila asante. Lori la kwanza likapiga honi.

"Kesho nakwenda Masinya kwa mama," Justine alisema akichukua kimashine chake. "Atataka kukuona. Atakuuliza habari za marehemu mkeo. Usimwambie habari za mafuta na gari. Hizo nimeshazisikia mara tano, na jina lake hujanitajia hata siku moja."

Miaka minne Opendi alikuwa amewataja wote waliomuua mkewe, kwa vyeo vyao.

"Awor," alisema. "Aliitwa Awor. Alikuwa anapenda kuimba akichuja uji."

"Awor," Justine akarudia polepole, kama anayejifunza jina la shemeji. Akamnyooshea kola. "Utamwambia mama hivyo hivyo. Teksi ya saa mbili, usichelewe."

Akageuka kwenda kwenye lori, na Opendi akaanza kukusanya nyaya zake.