Tarumbeta Bila Kidomo

Ijumaa asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, Rahel alifungua chumba cha mbele cha gesti ya Bwana Dinesh akakuta meza tupu. Picha za bendi zilikuwa ukutani kama alivyozipanga jana. Kitambaa cheupe kilikuwa mezani, hakijakunjamana. Tarumbeta la marehemu Mzee Thobias halikuwapo.

Katikati ya kitambaa kilibaki kitu kimoja: kidomo, kile kikombe kidogo cha fedha ambacho mpigaji huchomeka kwenye tarumbeta na kukiweka midomoni. Kilikuwa kimesimamishwa wima, kinang'aa.

Rahel alikaa kwenye kiti cha karibu. Jioni ile wageni ishirini walikuwa wanafika kwa basi kutoka Dar es Salaam kwa mapumziko ya mwisho wa juma aliyoyapanga yeye, tangu Boma la Wajerumani na ngoma za Kiluguru hadi dansi la Jumamosi, ambapo Bati Jazz, bendi ya marehemu, wangepiga tena. Walikuwa hawajapiga tangu mwaka tisini na moja, kiwanda cha vyombo vya bati kilipouzwa na ukumbi wao kugeuzwa ghala la mitumba. Baba yake Rahel alitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye kiwanda hicho. Utoto wake wote, kila Jumamosi, alilala akisikia matarumbeta mawili yakiitana ng'ambo ya ukuta wa kiwanda. Chuoni aliposoma sanaa, wenzake waliandika habari za nchi za mbali. Yeye aliandika habari za ukuta ule.

Sajini Kibwana alifika saa mbili, akaweka kofia yake juu ya meza ya barazani.

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana, afande. Ufunguo unatundikwa jikoni, kwenye msumari. Upo palepale."

"Kwa hiyo yeyote anayepita jikoni."

"Jikoni kwangu hapiti yeyote," alisema Mama Shobha, mama yake Dinesh, akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Napita mimi, anapita Dinesh, anapita huyu mtoto Rahel. Na bibi wa mboga, ambaye leo kaniacha bila kabichi. Kaja asubuhi na tenga limejaa mpaka juu. Nikaenda uani kuwasha mkaa, narudi, hayupo. Namwona kwa dirisha yuleee, anapita kona ya kwenda Bigwa, tenga limejaa vilevile. Wageni ishirini watakula nini, picha za ukutani?"

"Mama, tumeibiwa," Dinesh alisema taratibu.

"Nimesikia. Na kabichi hakuna."

Erick, mtoto wa pekee wa marehemu, alifika kwa teksi. Ndiye aliyempa Rahel tarumbeta. Alikuwa amevaa shati la hariri, na hakukaa alipokaribishwa.

"Muulizeni huyu kwanza," alisema akimnyooshea Dinesh kidole. "Hawa wananunua vya kale. Saa, viti, chochote."

Dinesh alicheka kidogo, bila furaha. "Kaka, mimi nilikuwa naruka ukuta wa kiwanda kwenda kumsikiliza baba yako. Mama akidhani nipo hekaluni."

"Nilikuwa najua," alisema Mama Shobha.

Sajini aliinua kidomo kwa leso. "Na hiki?"

"Cha baba hicho," Erick alijibu. "Nakijua tangu nikiwa mdogo. Afande, tusizunguke. Jana hapa uani Mzee Kasimiri alinipigia kelele watu wote wakisikia. Kuna mgeni mmoja anayekuja leo, anakusanya vyombo vya muziki, nimekubaliana naye aondoke na tarumbeta Jumapili. Kasimiri akasema nitaliuza juu ya maiti yake."

Hilo Rahel hakuwa ameambiwa mpaka jana.

Mzee Kasimiri alikuwa tarumbeta la pili la Bati Jazz. Tangu ujana wake alisimama kulia kwa Thobias, nusu hatua nyuma.

"Basi imekwisha," alisema Sajini, akirudisha kofia kichwani. "Mwizi wa kawaida angebeba vyote. Aliyeacha kidomo ni mtu mwenye kidomo chake mfukoni. Mpiga tarumbeta mwingine mjini hapa ni nani?"

Saa nne Mzee Kasimiri alikuwa mahabusu, na Sajini alikwisha kusema kwamba Jumatatu angempeleka mahakamani.

Rahel hakuwa mtu wa kubishana na polisi. Kwenye mikutano ya chuo alikuwa anasubiri mpaka mwisho, halafu anasubiri tena. Lakini alimfikiria yule mzee amekaa kwenye saruji, akachukua birika la chai na chapati mbili, akaenda kituoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea na ufunguo?"

"Chai tu."

"Hata chai inafungua." Akanywa. "Wamekuonyesha kile kidomo?"

"Ndiyo. Cha Mzee Thobias."

Kasimiri alitikisa kichwa. "Changu. Nimemwambia afande, akasema kila mwizi ana maelezo." Alilishika birika kwa mikono yote miwili. "Walipouza kiwanda, tajiri mpya alipakia vyombo vyote kwenye lori. Langu lilikuwa la kiwanda, likaenda. La Thobias lilikuwa lake mwenyewe, lilikuwa nyumbani. Ila kidomo chake alikiacha kwenye kabati la kazini, kikaenda na lori. Basi mimi nikabaki na kidomo bila tarumbeta, yeye na tarumbeta bila kidomo. Nikampa changu. Sasa niambie wewe uliyesoma: ningeiba tarumbeta la mwenzangu, halafu nikaacha kidomo changu mezani?"

Rahel alikiona tena kile kidomo mezani. Aliyeacha kidomo hakukisahau, kwani kilisimamishwa wima katikati ya kitambaa. Aliacha kitu kisichokuwa cha Thobias.

"Nani mwingine alijua ni chako?"

"Thobias. Na dada yake aliyemuuguza mpaka siku ya mwisho. Kila nikienda Bigwa kumwona mgonjwa, yule dada anakisugua kidomo kwa majivu, ananirudishia. 'Cha mtu,' anasema. Nami nakirudisha chini ya mto wa mgonjwa."

"Erick hakujua?"

"Erick alikuwa Dar. Alikuja kuzika."

"Huyo dada anaitwa nani, mzee?"

"Anastasia. Si unamwona? Ndiye anayewaletea mboga."

Rahel aliweka kifuniko cha birika chini, polepole. Alikumbuka Alhamisi, alipokuwa akipanga picha. Bibi wa mboga alisimama mlangoni kwa muda mrefu akiliangalia tarumbeta. Akauliza, "Mmemwomba nani?" Rahel akajibu, "Mwanawe, bibi." Bibi akaguna, akaenda zake jikoni, na muda si mrefu kelele za Kasimiri na Erick zikasikika uani.

Na leo tenga lilikuwa limejaa. Kila asubuhi akina mama wa Uluguru huteremka na mboga, na mchana hupanda na matenga matupu yenye sabuni na chumvi chini. Hakuna anayepandisha kabichi mlimani.

Sajini Kibwana alimsikiliza hadi mwisho, akigonga kalamu mezani.

"Kwa sababu ya kabichi?"

"Na kidomo, afande."

"Ukinipandisha mlima bure, nitamrudisha huyu mzee mahabusu na wewe nitakuomba usije tena na chai."

Saa nane gari la polisi liliwaacha Bigwa mahali barabara inapoishia. Walipanda kwa miguu, Sajini mbele, Erick akilinda viatu vyake, Kasimiri nyuma akipumzika kila kona. Chini yao mji ulionekana wote, pamoja na paa la kiwanda lililotoboka.

Bibi Anastasia alikuwa uani anamwagia maji kabichi zilizorundikwa kivulini. Alipomwona Kasimiri akiwa na polisi, kata ya maji ilimdondoka.

"Shikamoo bibi," alisema Rahel.

"Marahaba. Huyu mmemfunga?"

"Tangu asubuhi," Sajini alijibu. "Kwa wizi wa tarumbeta."

"Sikujua," bibi alimwambia Kasimiri, si Sajini. "Ningeteremka mwenyewe." Akaingia ndani, akatoka na tarumbeta limefungwa kwenye kanga, akaliweka juu ya kigoda. "Mimi si mwizi. Mwizi angebeba na kile kikombe. Nilikiacha kwa sababu ni cha mtu."

"Shangazi," Erick alianza, "hilo ni la baba yangu."

"Ni la kaka yangu. Wewe ni mtoto wa Thobias, nakupenda, nimekubeba mgongoni. Lakini ukoo wako ni wa mama yako, na kwao utarithi. Kwetu vitu vya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake, pamoja na jina. Hulijui hilo, au Dar imekusahaulisha?"

Erick aliangalia viatu vyake.

"Jina la Thobias bado halijachukuliwa," bibi aliendelea. "Geofrey wangu yuko Dakawa kwenye mpunga. Tulikuwa tunangoja avune, tupike pombe, tumpe jina la mjomba wake. Mpaka siku hiyo vitu vya marehemu vinalala. Jana nasikia litapigwa kwenye dansi, halafu mgeni aondoke nalo Ulaya. Jina litakaa wapi? Limekosa mwenyewe, na chombo chake kimekwenda."

"Ungekuja kituoni," alisema Sajini.

"Kusema nini? Mtoto wake alikwisha kutoa ruhusa, na huyu binti alikwisha kuandika matangazo."

Rahel aliona uso wake unawaka. Kwao Singida mali ya baba ilikuwa ya mwana, na hakuwahi kufikiri kwamba chini ya mlima huu, alikozaliwa, ingeweza kuwa vingine. Miezi mitatu alizungumza na wenye mabasi, na mpishi, na wapiga ngoma, kwa ajili ya mapumziko ya utamaduni. Na kosa la kwanza lilikuwa lake: alimwomba asiyekuwa mwenyewe.

Alipiga goti pale kwenye udongo uliolowa.

"Bibi, niliuliza vibaya. Naomba upya. Ukikataa, nitateremka niwaambie wageni hakuna dansi."

Bibi Anastasia alimtazama, kisha akamgeukia Kasimiri. "Wewe unasemaje?"

"Mimi nimetoka mahabusu," alisema Kasimiri. "Nakubali lolote."

Hata Sajini alicheka. Bibi akaokota kata yake.

"Tarumbeta haliteremki. Nitatuma mtu Dakawa, Geofrey aje usiku huu. Pombe ya jirani ipo. Kesho tutampa jina. Wageni wako wakiweza kupanda, wapande. Wakae chini kama watu wengine." Akamtazama Sajini. "Na wewe, andika unachotaka kuandika."

"Sina cha kuandika," alisema Sajini. "Kitu kiko kwa mwenyewe."

Jumamosi wageni walipanda. Wengine walilalamika njiani, lakini wakakaa kwenye mikeka. Mama Shobha alipanda pia, akishikwa mkono na Dinesh, akaenda moja kwa moja kuzihesabu kabichi zake. Erick alikuwa amezungumza na yule mgeni mkusanyaji pembeni. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaketi nyuma kabisa.

Wazee wa ukoo walimkalisha Geofrey kwenye kigoda, wakamwita Thobias mara ya kwanza, naye akaitika kwa sauti ndogo. Bibi akampa tarumbeta. Geofrey aliligeuza mikononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Mimi najua jembe tu," alisema. "Mzee Kasimiri, piga wewe."

Rahel alimpa Kasimiri kidomo chake. Mzee alikichomeka, akafuta midomo, akafumba macho.

Alipiga wimbo ambao Bati Jazz walikuwa wanafungia dansi, lakini alipiga sehemu yake tu, ile ya pili. Alipofika mahali pa Thobias, alinyamaza na kungoja, kama alivyongoja miaka yote, nusu hatua nyuma. Pengo lilikaa wazi uani. Kisha akajibu lile lisilosikika, akanyamaza tena.

Mara ya tatu mtu alianza kuvumisha sauti ya kwanza kutoka upande wa ukuta. Alikuwa Erick. Aliijua yote, kila mkunjo, kama mtoto anavyojua kitu alichokisikia akiwa anasinzia. Dinesh akadakia, na Rahel, ambaye hakuwahi kuimba mbele ya watu, akajikuta anaimba.

Bibi Anastasia alisogeza mkeka wake, akaacha nafasi upande mmoja.

"Njoo ukae hapa, mtoto wa kaka," alimwambia Erick. "Usisimame kama mgeni."