Kadi ya Wilfred

Kila akitoka shule, Tekla alivua sare, akala kiporo kama kilikuwepo, kisha akakaa barazani na kipande cha msasa. Baba yake, Venance, alikuwa mchonga vinyago. Kutwa alichonga kwenye banda la wachongaji pale Mtoni, na jioni alirudi na vinyago vya kulainisha. Kazi hiyo ilikuwa ya Tekla. Alivisugua mpaka vikawa laini, kisha akavipaka kiwi ya viatu ili ving'ae. Vumbi la mbao lilimjaa hadi kwenye nyusi.

Mdogo wake, Petro, aliyekuwa darasa la kwanza, alipenda kukaa ubavuni mwake akivipa vinyago majina.

"Huyu ni Mwalimu Mkuu," alisema siku hiyo. "Kakunja uso."

"Nenda kacheze huko, vumbi hili."

"Mie sijalifuata vumbi. Lenyewe ndilo linanifuata."

Petro akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi hicho kilikuwa naye tangu masika. Wazazi walikuwa wamejaribu tangawizi, asali na mafuta ya karafuu kifuani. Hospitali hawakwenda, kwa sababu hawakuwa na bima ya afya. Kila jioni mama yao, Anastasia, aliyekuwa akiwafulia watu nguo, alisema, "Atapoa." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kutumaini.

Mchana huo hakupoa. Kifua kilianza kupiga filimbi, na kila akivuta pumzi mbavu zilichoreka. Mama aliporudi, vidole vikiwa vimekunjamana kwa maji ya kufulia, alimtazama mara moja tu. Hakukaa. Alikwenda nyumba ya pili kwa wifi yake, Monica, akarudi na kadi mkononi.

"Mama, hiyo si kadi ya Wilfred?" Tekla aliuliza.

"Najua ni ya nani."

Wilfred alikuwa mtoto wa shangazi Monica, umri mmoja na Petro, na masikio yao yalifanana. Shangazi alifanya kazi kiwandani Chang'ombe, na mwajiri wake aliilipia familia yake bima. Mtaani kwao kuazimana kadi hakukuonekana kosa. Watu waliazimana kadi kama wanavyoazimana kinu.

"Petro, ukiulizwa, wewe ni Wilfred. Umesikia?" Petro akaitikia kwa kichwa. "Na wewe Tekla, mdomo wako uufunge."

Hospitalini walikaa kwenye benchi. Muuguzi akatoka, akaita, "Wilfred! Wilfred ni nani hapa?"

Petro aliendelea kutazama sakafu. Mama akamsukuma taratibu, wakaingia.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho yaliyokosa usingizi, Dokta Sekela. Alimsikiliza Petro kifua, akasoma kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mama, moyo wake unaendeleaje?"

"Moyo?"

"Faili linasema ana tundu kwenye moyo. Dawa ya kufungua kifua huuongezea moyo kazi. Ngoja nimpigie daktari wake wa moyo kwanza, nisije nikamdhuru."

Simu ikaita, hakuna aliyepokea. Akapiga tena.

Tekla alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameukazia macho ukuta, kama aliyesahau kuongea. Tekla alijua wazi kuwa akisema, kadi inaweza kuchukuliwa, na Wilfred akose matibabu yake. Shangazi atanuna. Mama ataaibika mbele za watu. Kisha akaitazama midomo ya Petro. Ilikuwa imeanza kupauka.

"Daktari, shikamoo," alisema, maana hakujua pengine pa kuanzia.

"Marahaba."

"Huyu siyo Wilfred. Wilfred ndiye mgonjwa wa moyo. Huyu ni Petro, mdogo wangu. Moyo wake mzima."

Mama akafumba macho. Daktari akaweka simu chini bila kugomba. "Muuguzi, lete mashine ya mvuke. Haraka."

Walimvika Petro kibarakoa chenye mvuke wa dawa. Kidogo kidogo filimbi ya kifuani ikafifia, mpaka akalala amemwegemea mama. Hapo ndipo daktari alipovuta kiti.

"Ana pumu. Ningeiandika kwenye faili la Wilfred, na siku Wilfred akizidiwa, angetibiwa ugonjwa wa Petro. Mama, kadi ya mtu imebeba mwili wa mtu."

"Ningefanyaje, daktari? Sina bima, sina kitu."

Dokta Sekela akamrudishia kadi, akaonya kwamba ikionekana tena kwa mtoto mwingine itafungwa. Akawaelekeza ofisi ya ustawi wa jamii, ambako waliruhusiwa kulipa gharama za siku hiyo polepole. Lakini Petro angehitaji kliniki, na dawa ya kuvuta kila siku. Dawa hiyo isingesubiri.

Kesho yake Tekla alifuatana na baba hadi bandani. Wachongaji walikuwa na chama cha kuzikana, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Nurdin. Baba alieleza shida yake ameinamisha kichwa.

"Pole sana, Venance," alisema Mzee Nurdin. "Ila katiba yetu unaijua. Chama kinatoa kwenye msiba." Akaonyesha kwa patasi kona ya banda, palipokuwa na turubai, viti na masufuria makubwa.

"Naijua, mwenyekiti. Nimeuliza tu."

Walikuwa wanageuka kuondoka, Tekla akasema, "Babu, naomba kuuliza. Kwa hiyo jana Petro angekufa, ndiyo mngetoa?"

Mzee akaiweka patasi chini.

"Mtoto huyu ana mdomo," alisema Mzee Nurdin.

"Anao," baba alijibu. "Ila tumjibu. Mbona chama kisitukatie bima?"

Kijana mmoja, Mudathir, akapuliza vumbi kwenye kazi yake. "Sie wazima, tuchangie bima kila mwezi bila kuumwa?"

"Kwani wewe unakufa kila mwezi?" alimuuliza Mzee Nurdin. "Mbona ya kuzikana unatoa?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu.

"Serikali ndiyo ilipe," mwingine akasema.

"Na ilipe. Wakati tunaisubiri, tupumulie pua za nani?" Mzee Nurdin akamgeukia Hamoud, mfanyabiashara aliyekuwa akifunga vinyago alivyonunua. "Na wewe, bwana Hamoud?"

"Mie mnunuzi tu. Sijaajiri mtu hapa. Msinitafutie ugomvi."

"Hakuna ugomvi. Ila wewe unaondoka na kinyago, vumbi lake unatuachia sie kifuani."

Hamoud aliguna, akafunga mzigo wake, akaondoka. Lakini juma lililofuata alirudi, akakubali kuongeza kidogo juu ya kila kinyago kwa ajili ya bima. Haikuwa kazi rahisi. Wachongaji wawili walijitoa kwenye chama, na wengine walinung'unika kila mwisho wa mwezi. Baba naye aliendelea kukopa ili anunue dawa ya Petro. Hata hivyo, mvua za vuli zilipoanza, chama kilikuwa kimewakatia bima wanachama na watoto wao. Msasa nao ulihamia bandani, na waliosugua walifunga kitambaa puani. Jioni Tekla alikaa barazani na daftari lake la hesabu.

Siku ya kliniki walikaa kwenye benchi lile lile. Mama alikuwa ametoka kufua, mabega yamemlegea.

"Tekla," alisema polepole, "siku ile nilikukasirikia sana. Nikasema mtoto huyu kaniaibisha. Lakini wahenga hawakukosea, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aibu ilinipita. Mtoto je, angerudi? Ukiwa na shida, mwanangu, iseme kama ilivyo, ndipo watu wajue pa kukushika. Na nyie mkiwa wakubwa, mchangieni mtu akiwa bado anapumua. Turubai la msiba lina haraka gani?"

Mlango ukafunguliwa. "Petro Venance!" muuguzi akaita.

Petro hakuinuka. Alimtazama mama yake, kisha dada yake, akanong'ona, "Leo mie nani?"

Mama akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akamshika begani.

"Leo ni wewe," alisema. "Itika."